Kadi ya FPGA ipo, utafutaji wa protini bado unakokota: tafuta tatizo kwa dalili

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana kadi ya FPGA (chipu ambayo saketi yake unaipanga mwenyewe) ndani ya seva na saketi ya Smith-Waterman (algorithimu ya kutafuta protini zinazofanana) inayofanya kazi, lakini matokeo yanachelewa au yanatoka na alama za kufanana asizoziamini. Nairobi watu wa aina hiyo si wengi, ila wapo: mwanafunzi wa uhandisi wa umeme anayemalizia mradi wake, mtafiti wa magonjwa ya mifugo upande wa Kabete, mwenzake wa wadudu kule Kasarani. Kwa wote ushauri wangu ni mmoja: chipu iwe ya mwisho kushukiwa. Kasi nyingi hupotea kabla data haijaifikia, na alama zisizolingana kwa kawaida ni programu mbili ambazo hazikubaliani pengo (nafasi inayorukwa ili mifuatano ilingane) linagharimu kiasi gani.

Piga hesabu kabla ya kufungua kisanduku

Smith na Waterman walichapisha algorithimu yao mwaka 1981, na Gotoh akaonyesha mwaka uliofuata jinsi ya kushughulikia mapengo marefu bila kuongeza kazi kupita kiasi. Kazi yote ni kujaza jedwali: kila asidi amino ya protini unayoulizia (tuiite swali) hukutana na kila asidi amino ya hifadhidata, na kila makutano ni seli moja. Swiss-Prot, hifadhidata ya protini, ina mifuatano kama 570,000 yenye asidi amino zaidi ya milioni 200. Swali la asidi amino 400 lina seli bilioni 80.

Sasa tazama kadi yako. Katika mpangilio wa kawaida kuna safu ya vichakataji vidogo. Kila kimoja kinashikilia asidi amino moja ya swali, na hifadhidata inapita mbele yao kama mkondo. Ukiwa na vichakataji 256 na saa ya MHz 200 (mapigo milioni 200 kwa sekunde), kilele chako ni seli bilioni 51.2 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ya kilele lile swali lingeisha kwa sekunde 1.6 hivi. Ukiona sekunde 20, sekunde kama 18 zimeenda mahali pengine, na hakuna kurekebisha saketi kutakakozirudisha.

Tofauti hiyo si ndogo. Jenomu ya Theileria parva, kimelea cha ndigana kali, ilichapishwa mwaka 2005 na ina jeni za protini takriban 4,000. Ukizichukulia kuwa na wastani wa asidi amino 400 na kuzipitisha zote kwenye Swiss-Prot, sekunde 1.6 kwa kila moja ni chini ya saa mbili. Sekunde 20 kwa kila moja ni usiku mzima na mchana wake.

Kipimo kingine kifanye siku hiyohiyo: endesha SWIPE, programu ya Smith-Waterman ya Torbjørn Rognes, kwenye prosesa ya seva yenyewe. Mwaka 2011 aliripoti seli zaidi ya bilioni 100 kwa sekunde kwenye seva yenye prosesa mbili za Xeon zenye kori sita sita. Kama seva yako inaishinda kadi hata kwa hesabu ya kilele, hakuna hitilafu ya kutafuta. Muundo ni mdogo mno, na dawa ni vichakataji zaidi au kuachana na kadi kwa kazi hiyo. Ukihitaji makadirio ya haraka tu, programu ya DIAMOND itakumalizia mambo kabla hujapata hata nywila ya seva.

Dalili: muda halisi ni mara tano au kumi ya hesabu

Hapa kadi inakaa bure ikisubiri kulishwa. Weka kihesabu kidogo ndani ya saketi kinachohesabu mapigo ya saa ambayo safu ilikuwa na data, na kingine kinachohesabu mapigo yote. Ni mistari michache ya msimbo, na kitakuokolea wiki nzima ya kukisia.

Mshukiwa wa kwanza ni programu ya seva inayotuma mfuatano mmoja mmoja. Kila mwito kwa draiva una gharama yake hata kama data ni baiti 300. Ikiwa mwito mmoja unakula mikrosekunde 20, mifuatano 570,000 inakula sekunde 11.4 kabla seli yoyote haijahesabiwa. Ni sawa na matatu ya Rongai kutoka stendi na abiria mmoja, irudi, ichukue wa pili. Kusanya mifuatano kwenye vifurushi vya megabaiti kadhaa. Vizuri zaidi, pakia hifadhidata yote kwenye kumbukumbu ya kadi mara moja asubuhi na uiache humo: Swiss-Prot kwa baiti moja kwa kila asidi amino ni megabaiti mia mbili na kitu, na hata kadi ndogo ya Alveo U50 ina gigabaiti 8.

Wa pili ni faili la FASTA, yaani faili la maandishi lenye mifuatano. Watu wanalisoma upya kwa kila swali: mistari ya vichwa, mistari iliyokatwa kila herufi 60, herufi zinazogeuzwa kuwa namba. Fanya kazi hiyo mara moja tu, uhifadhi faili la namba tupu lililopangwa kwa vipande vya baiti 64, yaani upana wa biti 512 ambao kumbukumbu ya kadi huusoma kwa mkupuo.

Wa tatu hujificha upande wa kutokea. Saketi inarudisha alama za mifuatano yote, kisha seva inazipanga kutoka kubwa hadi ndogo. Weka kizingiti ndani ya kadi, alama za chini yake zisirudi kabisa.

Usikimbilie kulaumu PCIe, njia inayounganisha kadi na seva. Safu moja ya MHz 200 inayokula baiti moja kwa kila pigo inahitaji megabaiti 200 kwa sekunde, na nafasi ya PCIe ya kizazi cha tatu yenye njia 16 hubeba kama gigabaiti 15. Njia ni pana kuliko msafara.

Kisa kingine, na huwa nashangaa bado kipo: kuna miundo inayochoma swali ndani ya saketi, ikabidi kujenga bitistrimu mpya (faili la kupanga chipu) kwa kila protini. Ujenzi mmoja huchukua saa kadhaa. Swali lipakiwe saketi ikiwa hai. Kila kichakataji kipewe safuwima yake ya jedwali la BLOSUM62 (linalotoa alama kwa kila jozi ya asidi amino), alama 32 za biti tano tano. Thamani za BLOSUM62 ziko kati ya −4 na 11, kwa hiyo biti tano zinatosha kabisa.

Dalili: kadi haikai bure, lakini kasi ni nusu

Chora muda dhidi ya urefu wa swali. Ukiona ngazi badala ya mteremko, umepata jibu. Swali la 256 hupita mara moja. La 260 hupita mara mbili, na mara ya pili vichakataji 252 havina kazi. Ufanisi unashuka hadi asilimia 51. Swali la 60 ni baya zaidi, asilimia 23 tu. Gawa safu iwe mbili za 128, kila moja na nusu yake ya hifadhidata: swali la 260 sasa linapita mara tatu kwa ufanisi wa asilimia 68, na lile la 60 linafika 47. Kwa maswali mafupi mengi, panga mawili au matatu kwenye safu moja kwa mpigo mmoja.

Kama mchoro hauna ngazi, angalia kinachotokea kati ya mfuatano na mfuatano. Muundo wa kivivu husubiri safu yote imwagike ndipo uanze mfuatano unaofuata. Mfuatano wa asidi amino 360, ambao ndio wastani wa Swiss-Prot, unatumia mapigo 360 kuingia na mengine 255 kumalizikia. Asilimia 41 ya muda imepotea. Dawa ni alama ya biti moja inayosafiri na asidi amino ya kwanza ya kila mfuatano. Kichakataji kikiiona kinafuta thamani zake na kuanza upya papo hapo, wakati jirani yake wa kulia bado anamalizia mfuatano uliotangulia. Kwa njia hiyo mkondo haukatiki.

Dalili: alama za kadi hazilingani na za programu

Hapa ndipo watu hupoteza usingizi, kwa hiyo tukae kidogo.

Swali la kwanza ni unalinganisha na nini. Ukilinganisha na blastp (programu ya BLAST ya kutafuta protini) ilivyo, umeshakosea njia. BLAST, iliyotoka mwaka 1990, haijazi jedwali lote. Inafuata mbegu, na blastp ya leo hurekebisha alama kulingana na mchanganyiko wa asidi amino wa mifuatano yenyewe. Kadi yako haifanyi lolote kati ya hayo. Linganisha na programu ya Smith-Waterman kamili, kama SWIPE au `water` ya EMBOSS, jedwali likiwa lilelile na gharama za pengo zilezile.

Na "zilezile" ina mtego. Kwenye BLAST, gharama za 11 (kufungua) na 1 (kurefusha) maana yake pengo la urefu k linagharimu 11 + k, kwa hiyo nafasi ya kwanza tu ni 12. Kwenye EMBOSS gharama ya kufungua tayari inajumuisha nafasi ya kwanza; 11 ni 11. Namba mbili zimeandikwa sawa, matokeo ni tofauti. Jaribio hili dogo linafichua mengi:

`swali: WWWWHCHC`
`hifadhidata: WWWWAHCHC`

Kwa BLOSUM62, W kwa W ni 11, H kwa H ni 8, C kwa C ni 9. Nane zikilingana zote na A ikirukwa, jumla ni 78 kabla ya kutoa pengo. Ukipata 66, kadi inafuata desturi ya BLAST. Ukipata 67, inafuata ile nyingine. Ukipata 64, mapengo hayafanyi kazi kabisa: saketi imesogea nafasi moja, ikalinganisha W na A kwa −3, ikaendelea. Sasa badilisha, mfuatano mrefu uwe swali na mfupi uwe hifadhidata. Jibu lazima libaki lilelile. Likitoka 66 upande mmoja na 64 upande wa pili, basi moja ya njia mbili za pengo, ya mlalo au ya wima, imeunganishwa vibaya, na tayari unajua ni ipi.

Tofauti ya pointi moja isikufanye useme "si kitu". Kwa BLOSUM62 na gharama 11/1, lambda (kigezo cha takwimu za alama) ni 0.267, kwa hiyo kila pointi hubadilisha thamani ya E (idadi ya majibu yanayotarajiwa kufikia alama hiyo kwa bahati tu) kwa robo hadi theluthi.

Kama alama zote ni za chini na za kubahatisha, hata protini ikilinganishwa na yenyewe, tazama mpangilio wa herufi. Faili la jedwali la NCBI linaanza A R N D C Q E, si kwa alfabeti. Ukigeuza A, C, D, E kuwa 0, 1, 2, 3 upande wa hifadhidata na ukapakia jedwali lilivyo, kila mtu anasoma mstari wa jirani.

Alama zikikosea kwenye protini chache tu, tafuta U. Hiyo ni selenosisteini, ipo Swiss-Prot, na haimo kwenye jedwali lenye alama 24. O na J nazo hazimo. Namba isiyo na safu inasoma chochote kilichobaki kwenye kumbukumbu. Zigeuze kuwa X (herufi ya asidi amino isiyojulikana) wakati wa kuandaa faili, na kama unalinganisha na programu nyingine, hakikisha nayo inafanya hivyo. Herufi ndogo vilevile, maana kuna mafaili yanayozitumia kuficha maeneo yenye marudio.

Halafu kuna alama kubwa ajabu zinazotokea ghafla, mfano 32,000 na ushei kwa mifuatano isiyo na udugu wowote. Hiyo ni "hasi isiyo na mwisho" iliyoandikwa −32,768 katika biti 16. Toa moja, namba inazunguka na kuwa chanya 32,767. Anzia −16,384 au weka kikomo kwenye kutoa. Mimi napendelea kikomo, maana kinakulinda pia usipopategemea.

Dalili: kazi inaganda, kila mara pale pale

Andika namba ya mfuatano ambapo inaganda, utazame urefu wake. Mara nyingi utakuta ni titini, protini ndefu mno ya misuli. Ya binadamu ina asidi amino 34,350 na ya panya ni 35,213, katikati ya hifadhidata ambayo wastani wake ni 360.

Swali likiwa refu kuliko safu, kichakataji cha mwisho lazima kihifadhi thamani zake kwa kila asidi amino ya mfuatano ili mpito wa pili uendelee kutoka hapo. Foleni ya kina cha 4,096 itajaa na kila kitu kitasimama. Au, vibaya zaidi, itaandika juu ya data ya zamani na alama zitakosea bila kelele. Kubeba titini kunahitaji thamani mbili za biti 16 kwa kila nafasi, biti milioni 1.13 hivi, yaani vizuizi 31 vya kumbukumbu ya kilobiti 36, kwa kila safu. Ukiwa na safu nane, hicho ni kipande cha chipu ambacho kinatumika kwa mifuatano michache tu. Binafsi ningeacha foleni fupi na kuituma mifuatano mirefu kwa prosesa, ambayo ingekuwa inasubiri tu.

Titini ina hila nyingine. Ikijilinganisha na yenyewe, kwa wastani wa pointi tano hivi kwa asidi amino, inapita 170,000. Biti 16 zenye ishara zinaishia 32,767. Alama ikifika kikomo ibaki hapo, iwe na bendera, na seva irudie mfuatano huo kwa biti 32. Wanaotumia biti nane ili kubana nafasi wakumbuke kwamba kikomo chao kinafikiwa na asidi amino hamsini tu zinazolingana.

Dalili: simulesheni safi, kadi ina makosa

Punguza saa iwe nusu. Makosa yakiisha, ni njia ndefu ndani ya kichakataji: kujumlisha alama, kulinganisha na thamani mbili za pengo na sifuri, kisha kupeleka kwa jirani, yote ndani ya pigo moja. Soma ripoti ya muda ya programu ya ujenzi. Mara nyingi onyo lilikuwepo, ila lilizama kwenye mistari elfu. Angalia pia waya wa kufuta unaokwenda kwa vichakataji vyote kwa pamoja, huo ndio hunyooka chipu nzima.

Makosa yakibaki palepale, saa haina hatia. Kumbukumbu ya simulesheni hutoa data kila pigo bila kusita, ilhali ya kweli husimama kidogo kila inapojihuisha. Ikiwa safu inaendelea kupiga hatua wakati data haijafika, asidi amino moja huhesabiwa mara mbili. Weka misito ya kubahatisha kwenye simulesheni na kosa litajitokeza.

Dalili: kadi inatoweka

Kadi nyingi za vituo vya data hazina feni. Zinategemea upepo mkali wa seva. Ukiichomeka moja kwenye kompyuta ya mezani, joto litapanda hadi kadi ijizime, na mfumo utasema haijawahi kuwepo. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na feni ileile inaondoa joto pungufu kuliko karatasi ya mtengenezaji inavyodai. Fuatilia joto tangu dakika ya kwanza. Alveo U200 na U250 zinaweza kula wati 225, na nafasi ya PCIe peke yake hutoa 75. Waya wa ziada wa umeme si pambo.

Stima ikipotea na kurudi, FPGA inaamka tupu, maana mpangilio wake hukaa kwenye kumbukumbu inayofutika. Inasoma upya kutoka kwenye flashi, na kama seva imeshamaliza kuhesabu vifaa vya PCIe kabla hiyo kazi haijaisha, kadi haitaonekana. Usiizime tena kwa swichi. Washa upya mfumo wa uendeshaji tu, umeme ukiwa haujakatwa, na kadi itakutwa iko tayari. Kisha tafuta UPS.

Dalili: kadi mbili zinapata matokeo mengi kuliko moja

Umeigawa hifadhidata nusu kwa nusu, na ghafla kuna majibu mapya ya "maana". Alama ni sahihi. Thamani ya E ndiyo imepungua. Hesabu yake ni K × m × n × e^(−λS), ambapo K ni 0.041, λ ni ile lambda, S ni alama, m ni urefu wa swali na n ukubwa wa hifadhidata. Kila kadi imepewa n yake, nusu ya ile ya kweli, kwa hiyo kila E imekatwa nusu, na jibu lililostahili 0.0016 linapita kizingiti cha 0.001 likiwa na 0.0008. Kadi zirudishe alama ghafi peke yake. Seva iunganishe orodha mbili, ichukue n ya hifadhidata nzima, ndipo ipige hesabu ya E.